Sonara Aliyekula Dhahabu

Kwa miaka thelathini sonara alikuwa akiwachanganyia maharusi shaba kwenye pete zao huku akiwaapia kwa uso mkavu kuwa ni dhahabu tupu, na mtu pekee aliyejua ni mkewe. Baridi yabisi ilipomvimbisha vidole hata koleo likawa linamponyoka, mkewe ndiye aliyemkokota hospitali. Bila vidole vile, duka lilikuwa kabati la vioo tu.

Daktari, binti mmoja mpole, alisema atamchoma sindano ya dhahabu kila wiki.

"Ya karati ngapi?" sonara akadakia.

"Hii si ya dukani, mzee. Ni chumvi ya dhahabu. Imeunganishwa na vitu vingine ili mwili uipokee."

Sonara akamkonyeza mkewe. Imechanganywa! Yeye ndiye wa kuambiwa habari za kuchanganya? Akaomba tone moja la dawa, akalidondosha kwenye jiwe lake la kupimia dhahabu. Jiwe likalowa, basi.

"Wezi hawa," akafoka njiani. "Wanataka kunifanya mimi mteja!"

Akaamua kujitibu. Kila asubuhi alikwangua kwa tupa kipande cha dhahabu safi, kile alichojifichia mwenyewe, akabugia vumbi lake kwa maji ya uvuguvugu.

"Baba watoto, turudi kwa daktari."

"Mama watoto, iache dawa ifanye kazi."

Dawa ilifanya kazi moja tu: iliingia juu, ikatoka chini, vilevile ilivyoingia. Siku alipomletea mkewe chujio na kumwomba amsaidie kuokoa mali, mama watoto alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona alivyolishika lile chujio, kwa viganja viwili, na kicheko kikamkauka. Alimpenda mjinga huyu, afanyeje?

Walirudi hospitali miezi saba baadaye. Daktari akajaribu kuvinyoosha vidole, vikagoma.

"Sindano itatuliza maumivu na kuvilinda vilivyobaki," akasema. "Hivi vilivyopinda ndiyo basi tena. Ulikuwa wapi, mzee?"

Sonara akavificha vidole kwapani.

"Alikuwa anakula dhahabu," mkewe akajibu.

Sindano yenyewe ilikuwa ya kalio. Daktari akageuka ili mzee wa watu ajiandae. Vidole vilivyopachika vito vidogo kuliko punje ya mchele vikahangaika na mkanda wa suruali, vikahangaika tena, vikashindwa.

"Mama watoto," akanong'ona, machozi yakimlenga. "Nifungulie."

Mkewe aliuma meno kwa hasira na huruma, akapiga magoti, akamfungulia.