Aligonga Mara Tatu

Kofi la kwanza lilikuwa la uongo, na darasa zima lililiona. Kwenye picha iliyomulikwa ukutani, mkono wa Kijiti ulipita mbali na shavu la Nyundo, mbali kiasi cha kupitisha mkokoteni katikati. Nyundo akajibwaga sakafuni kama gunia lililokatika kamba. Halafu, wote wawili wakiwa wameshamaliza shughuli yao, sauti ya kofi ikafika. Pa! Wanafunzi walicheka hadi mmoja akadondoka kitini.

Rula hakucheka. Filamu ilikuwa yake.

"Washeni taa," alisema mwalimu wa filamu, mtu wa maneno machache na yote yana miiba. "Mmeniambia huu ni mwanzo wa filamu ya vijana, mnyanyasaji na mnyonge wake. Mimi nimeona wasichana wawili wanafukuza nzi. Kamera iko mbali, jina la filamu limetoka mapema, na hilo kofi halimuumizi mtu. Rudini mkarekebishe."

Ukiitazama kwa nje, kazi ilikuwa ndogo: dakika mbili tu za mwanzo. Lakini vikundi vilikuwa vinne, na mwalimu angechagua mwanzo mmoja. Kikundi chake kingepewa kamera kubwa, taa na likizo nzima ya kumalizia filamu. Rula alikuwa anaitolea udenda kamera ile tangu alipoiona kabatini. Alikuwa amechora picha hamsini na mbili kwenye daftari, kila moja ndani ya kisanduku kilichonyooka kama mstari wa jeshi, ndiyo maana wakambandika jina la Rula.

Waigizaji aliwachagua kinyume, na alijisifu kwa hilo. Nyundo, msichana mpana wa mabega aliyetawala korido za shule kwa makonzi na viwiko, alipewa kuwa mnyonge. Kijiti, mwembamba, asiyesema mpaka aulizwe, alipewa kuwa mnyanyasaji. Nyundo alikubali haraka. "Anayelia ndiye anayetazamwa," alisema. "Anayepiga ni mkono tu." Kijiti alitikisa kichwa kukubali, akanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini Rula alikuwa na haraka.

Tena alijua. Mwaka wa kwanza Nyundo alikishika kichwa cha Kijiti akakizamisha kwenye sinki la chooni, na Rula alikuwa amesimama mlangoni. Kijiti alipokwenda kushtaki, Nyundo alikana. Mlezi wa wasichana akauliza, "Nani aliona?" Rula akatazama viatu vyake. Kijiti akafagia uwanja wiki nzima kwa kosa la kusingizia watu. Tukio lile la sinki ndilo Rula aliloliandika kwenye filamu. Alijiambia kwamba hadithi ni hadithi.

Walianza na sauti. Jikoni kwa mama yake Rula walipiga taulo lililoloa, wakapiga mto, wakapiga kabichi. Binamu yake, mtoto wa mjomba, ndiye aliyekuwa mshika kamera, na siku hiyo alishika kinasa sauti. Mama akaingia kutoka kazini. Alikuwa muuguzi wa chumba cha kushonea vidonda, na huruma yake yote aliiacha hukohuko kazini.

"Kabichi langu limewakosea nini?"

"Tunatafuta sauti ya kofi, Shangazi," alisema binamu.

"Njoo hapa nikupe ya bure."

Alitazama picha kwenye kompyuta mara moja tu, akiwa amesimama, mkoba ungali begani. "Mnahangaika na mkono," akasema. "Mimi kila siku naona watu waliopigwa. Mkono hawaukumbuki. Mwonyesheni huyo anayeungoja."

Rula akachora visanduku vipya.

Walipiga picha upya katika vyoo vya zamani nyuma ya stoo ya michezo: masinki matatu ya bati, kioo chenye ufa, harufu ya dawa ya kusafishia. Safari hii kamera ilikaa karibu na uso wa Nyundo, karibu hadi pumzi yake ikatia ukungu. Mara ya kwanza hapana. Mara ya pili hapana. Mara ya tatu Nyundo alicheka. Mara ya nne mkono wa Kijiti ulitua.

Haukuhitaji kabichi. Kichwa cha Nyundo kilizunguka, mate yakaruka, vidole vinne vikajichora shavuni kimoja kimoja. Na uso wake! Ulikuwa wa mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta mlango mwingine asioujua.

"Kata!" alisema Rula. "Umeumia?"

"Kwa mkono huu?" Nyundo alipangusa mdomo, akatazama damu kidogo kidoleni. "Mbu wana adabu kuliko huyu."

"Samahani," alisema Kijiti. Lakini alikuwa anautazama mkono wake kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Waliporudi darasani na dakika mbili mpya, hakuna aliyecheka. Mwalimu aliegemea mbele. "Kofi sasa ni kofi. Lakini baada yake mnaniletea sinki, na kwenye sinki mnaanza tena kucheza. Maji yanaosha uso tu, kama yuko saluni. Mna wiki moja."

Alhamisi walirudi chooni. Rula alifungua mabomba yote, maji yakawa yananguruma, akavaa visikizio vya kinasa sauti, na kinasa chenyewe akakitundika juu ya sinki.

"Sheria ni mbili," alisema. "Hakuna anayesimama kabla sijasema kata. Na wewe Nyundo, ukizidiwa, gonga sinki mara tatu, tunaacha papo hapo."

"Nizidiwe na kijiti cha kuchokolea meno?"

"Maji hayajui jina lako, dada," alisema binamu.

"Kazi," akasema Rula.

Kijiti alizishika nywele za Nyundo kwa mikono miwili, akamzamisha. Povu likapanda. Akamwinua, Nyundo akavuta pumzi yenye kelele ya msumeno. Akamzamisha tena. Daftari lilisema mara mbili, na mara mbili zilikuwa zimekwisha. Kijiti akamzamisha ya tatu. Kwenye kidirisha cha kamera Rula aliona mwanga wa dirishani ukivunjika juu ya maji, akaona shingo ya Nyundo imekaza mishipa, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Mungu amsamehe, ilikuwa nzuri.

"Shuka kwenye miguu," alimnong'oneza binamu. Kamera ikashuka. Viatu vya Nyundo vilikuwa vinateleza kwenye vigae, vinatafuta pa kukanyaga, havipati.

Mkono wake mmoja ukapapasa ukingo wa sinki. Ngo. Ngo. Ngo.

Kwenye visikizio sauti ilikuja wazi kama mtu anayebisha hodi mlangoni. Rula alifungua mdomo. Akaviona vile viatu kwenye kidirisha. Sekunde moja tu, alijiambia, nimalizie miguu. Akajiongezea ya pili. Akajiongezea ya tatu. Kijiti hakuacha, alikuwa ameuma meno na machozi yanamtiririka, na sheria ilisema asisimame kabla ya neno. Sekunde ya nne ndiyo miguu ilipolegea.

"Kata!" Aliyepiga kelele alikuwa binamu. "Kata, we mwendawazimu, huoni?"

Nyundo alichomoka majini kwa nguvu zake zote, na nyusi yake ikakutana na bomba. Ngozi ilipasuka kama ganda. Alitapika maji na damu vigaeni, akakohoa hadi magoti yakagusa sakafu. Kisha akainuka. Alimdaka Kijiti shingoni, akamtupa kwenye kioo, kioo kikashuka chote. Kijiti aliung'ang'ania mkono wa Nyundo kwa meno, akauma, hakuachia. Binamu alijaribu kuwatenganisha akala kiwiko cha pua. Wote watatu walianguka juu ya vipande vya kioo, na maji mekundu yakatambaa hadi kwenye viatu vya Rula, ambaye bado alikuwa amevaa visikizio.

Mama alimshona Nyundo nyuzi tano.

"Imekuwaje?"

"Ameteleza, Mama," alisema Rula.

Mama akaugeuza mkono wa Nyundo. "Akateleza juu ya meno ya nani?"

Kijiti alikuwa anachomolewa kioo mgongoni na muuguzi mwingine, bila hata kusema aa. Binamu alikuwa na pamba puani. Nyundo alitazama dari.

"Haya, endeleeni kuteleza," alisema Mama. "Uzi ninao."

Jumamosi mchana Rula alikaa peke yake kwenye chumba cha kompyuta. Binamu alimletea kadi ya kamera, akaiweka mezani, akaondoka. "Mimi humo ndani sikai," alisema. Rula aliunganisha kofi na sinki, sinki na miguu, miguu na giza, na baada ya giza ndipo jina la filamu likatoka. Kulikuwa na doa moja tu. Kwenye mchoro wa sauti, katikati ya ngurumo ya maji, vilima vitatu vidogo vilisimama vikiwa vimelingana. Alivifuta. Akachukua sauti ya maji kutoka pembeni akaziba pengo. Machozi ya samaki huenda na maji. Ilimchukua chini ya dakika.

Jumatatu, taa zilipowashwa, darasa lilikaa kimya kama limemwagiwa barafu. Msichana mmoja wa mbele alikuwa ameziba mdomo.

"Sasa hapa," mwalimu alisema taratibu, "nimeogopa. Ningetaka kuona dakika ya tatu." Akatoa ufunguo wa kabati mfukoni. "Kamera ni yenu."

Makofi yalilipuka. Rula alisimama, masikio yanawaka, akanyoosha mkono kuupokea.

"Mwalimu."

Alikuwa Kijiti. Tangu waanze darasa hilo hakuwahi kuinuka bila kuitwa.

"Ule si uigizaji. Tulikubaliana akigonga sinki mara tatu tuache. Aligonga. Nilisikia, nikaendelea. Nilitaka aone. Sitaki kupigiwa makofi."

Nyundo aliinuka hadi meza ikasogea. Plasta ilikuwa juu ya jicho, na jicho lenyewe limevimba rangi ya bilingani.

"Nani aligonga? Mimi? Nigonge kwa sababu ya huyu?" Aligeuka huku na huku, kila mtu amwone. "Mimi sikugonga. Niliigiza. Mnajua maana ya kuigiza? Huyu mwongo. Alikuwa mwongo tangu mwaka wa kwanza, na mnajua wote!"

Mnong'ono ukapita: Kijiti na uongo wake, tena. Mtu mmoja nyuma akacheka.

Mwalimu alibaki na ufunguo hewani. "Nani mwingine alikuwepo?"

"Mimi niliona miguu tu, Mwalimu," alisema binamu. "Na mabomba yalikuwa yanapiga kelele. Mwenye sauti alikuwa Rula."

Watu ishirini na nane wakamtazama Rula.

Ilikuwa rahisi mno. Aliyezamishwa mwenyewe anasema hakugonga. Nani atakuwa na uchungu kuliko mwenye kidonda? Vilima vitatu havipo tena. Ufunguo uko hatua mbili. Rula alimtazama Nyundo akaona kitu ambacho hajawahi kukiona kwenye uso ule, hata kwenye kofi la nne: macho yalikuwa yanamwomba. Usiseme. Nichukulie vyote lakini usiwaambie hawa kwamba niliomba kuachiwa.

Kijiti hakumwomba kitu. Alikuwa ameshaanza kukaa, taratibu, kama mtu anayejua njia ya kwenda uwanjani na ufagio uko wapi.

"Aligonga," alisema Rula.

Sauti yake ilitoka nyembamba, akairudia. "Aligonga mara tatu. Nilisikia kwenye visikizio kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikanyamaza kwa sababu picha ilikuwa nzuri. Jumamosi nikaifuta ile sauti. Na mwaka wa kwanza Kijiti hakusema uongo. Nilikuwa mlangoni."

Alijua linakuja. Aliliona likianzia begani kwa Nyundo, likapita juu ya meza, na halikuwa kofi, ilikuwa ngumi. Ilitua mdomoni. Rula alisikia jino likisogea ndani ya kichwa chake, kisha viti, kisha sakafu. Nyundo alimrukia, akampiga ya pili shavuni, ya tatu sikioni, akilia kwa sauti kubwa kama mtoto, "Nani alikwambia useme? Nani alikwambia?" Rula hakuinua mkono. Mwalimu aliyetaka kuogopa alisimama ubaoni ameduwaa, ufunguo ungali vidoleni. Binamu alimshika Nyundo kiunoni, hakutosha. Kijiti akaja upande wa pili, akaukumbatia mkono unaopiga, akaning'inia nao hadi ukachoka.

Ufunguo ulikwenda kwa kikundi cha wavulana wenye filamu ya mpira. Nyundo alisimamishwa wiki mbili, Kijiti wiki moja, na Rula aliambiwa arudi na mzazi.

Mzazi alikuwa amevaa glavu.

"Fungua. Zaidi." Mama alimulika taa mdomoni. Mdomo wa chini ulikuwa umepasuka pande mbili. "Nani?"

"Nyundo."

"Kwa nini?"

"Nilisema kweli."

Mama alipitisha uzi, akavuta. Machozi yalimtoka Rula yenyewe. "Uliisema lini?"

"Leo."

"Ulikuwa nayo tangu lini?"

"Alhamisi."

Mkono wa Mama ulisimama. Rula alingoja amkaripie, au ampanguse machozi, chochote. Mama alitazama ile nyama iliyo wazi, akainama karibu zaidi.

"Siku nne," alisema. Akachoma tena. "Tulia. Bado nyuzi mbili."