Mtu wa Ndani na Salfa ya Nandagala

Mwaka 2004 watu wa Nandagala waliacha kupuliza mikorosho yao kwa sababu ya kivuli cha mtu kwenye televisheni. Si utani. Watu wazima, wenye wajukuu, waliolima korosho toka wakiwa wadogo, waliweka mashine chini kwa sababu ya kivuli. Ukimgusia Agatha, mkulima mwenzao, habari hiyo hadi leo, anatema mate pembeni kwanza ndipo anajibu.

Mkorosho una ukorofi wake. Ukianza kuchanua mwezi wa sita, usipoupuliza dawa ya salfa unaingiwa na ubwiriunga, ugonjwa unaopaka maua unga mweupe, kisha yanakauka yanakuwa meusi, na korosho za mwaka huo uzisahau. Tena kupuliza si kazi ya mtu mmoja. Salfa inapulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni, alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo ukiwa bado umelala. Jirani asipopuliza, ugonjwa unatoka kwake unaingia kwako bila kupiga hodi. Ndiyo maana mashamba saba yaliyopakana pale Nandagala yalikuwa na utaratibu wao: mashine mbili, kila nyumba na zamu yake, na salfa yote inakaa stoo kwa Saburi, mwenyekiti wa kikundi.

Utaratibu huo aliuanzisha Agatha. Mumewe alifariki akamwachia mikorosho mia na arobaini na binti mmoja, Getruda, aliyekuwa kidato cha pili shule ya bweni. Miaka mitatu Agatha alizunguka nyumba kwa nyumba kuwabembeleza watu wapulize pamoja, na mwaka wa tatu ndipo walipoanza kuokota korosho za maana. Kwa hiyo mwaka ule wa nne alikuwa na kila sababu ya kulala usingizi mzuri. Zamu ya kwanza ingeanza Jumatatu.

Jumamosi jioni Mbaruku mwenye duka akawasha jenereta na televisheni yake, kama kawaida, watu wakajaa kusubiri mpira. Kabla ya mpira kuna taarifa ya habari. Akatokea mwandishi mmoja mwenye tai, akasema leo wana mahojiano ya pekee na mtu wa ndani, ofisa wa serikali anayeijua vizuri salfa iliyoletwa mikoa ya kusini, na kwamba kwa usalama wake hawatamtaja jina wala kumwonyesha sura. Kikaonekana kivuli kimekaa kwenye kiti. Sauti wameichezea, ikawa nzito kama inatokea kisimani.

"Salfa ile ni mbovu," kivuli kikasema. "Haifai. Nimeiona kwa macho yangu. Ukimpa mkulima unamuua."

Ikaishia hapo. Mwandishi akatikisa kichwa kwa huzuni, wakahamia habari nyingine. Kwa Mbaruku wote wakasema kwa pamoja.

Agatha yeye muda wote alikuwa amekitazama kiganja cha kile kivuli. Kabla ya kila sentensi, kivuli kilipitisha kiganja usoni, toka kwenye paji la uso mpaka kidevuni, polepole, mtu anavyofuta jasho ambalo halipo. Mtu mmoja tu duniani alikuwa na tabia hiyo, naye ni Abel, mdogo wa marehemu mumewe, aliyehamia kwake akiwa darasa la tatu na kuondoka ana ndevu. Abel alikuwa karani wa ghala la pembejeo mjini Nachingwea. Ofisa wa serikali! Kazi yake ilikuwa kuhesabu magunia na kufukuza panya.

"Saburi," Agatha akamwambia mwenyekiti wakitoka, "yule ninamjua. Nitakwenda kumuuliza. Ninyi Jumatatu mwanze."

"Umjue wapi, Mama Getruda? Mtu wamemzima taa."

"Ninamjua, nakwambia."

"Haya. Lakini mashine hazitoki mpaka tujue moja."

Jumatatu Agatha akapanda lori la mbao mpaka Ruangwa, akangoja pale nusu siku, akapata gari jingine la Nachingwea. Alimkuta Abel amekaa nje ya chumba chake anachambua mchele. Abel alipomwona tu akapitisha kiganja usoni, na Agatha akajua hana haja ya kuuliza mara mbili.

"Shemeji, karibu. Kuna msiba?"

"Msiba umeutangaza wewe. Salfa ipi mbovu?"

Abel akamvuta ndani haraka na kufunga mlango. Akaapa kwanza kwamba kwenye televisheni haonekani, waliahidi. Kisha akaeleza. Bati la ghala lilitoboka mwezi wa tatu, mvua ikanyeshea magunia ya kona moja, salfa ikagandamana. Yakatengwa. Baadaye akamsikia mkubwa wake akisema yachanganywe na mzigo utakaofuata, nani atajua. Yeye roho ikamuuma. Mwandishi alipopita akitafuta habari, akamweleza yote, karibu saa nzima.

"Nilisema ile ya kona, shemeji. Nikasema iliyokwisha kwenda vijijini ni nzima, wapulize bila wasiwasi. Nimelisema hilo mara tatu! Mwenyewe nilipoona taarifa nikashika kichwa."

"Na mbona hukwenda kuwaambia warudie?"

"Niende wapi? Mtu mwenyewe namjua kwa jina moja. Alinipa namba ya simu, nikipiga inaita tu."

Agatha akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakupata wa kumkasirikia sawasawa. Abel alikuwa amesema kweli. Mwandishi hakutunga neno hata moja. Na bado Nandagala maua yalikuwa yanafunguka na mashine zimelala.

"Utakuja useme mwenyewe," akamwambia.

"Shemeji, nikisimama mbele za watu nimekwisha. Kazi itaota mbawa."

"Abel. Umekula ugali wangu miaka kumi na moja. Sijawahi kukudai hata kuni. Leo nakudai."

Wakaondoka Jumatano. Njiani kiganja cha Abel hakikutulia. Alhamisi jioni Saburi akaita kikundi kwenye darasa la shule ya msingi, na Abel akasimama mbele ya ubao, akajitambulisha na kusema yote: bati, kona, magunia, mwandishi, mara tatu. Hakuruka kitu. Agatha alimwonea huruma na kujivunia kwa wakati mmoja, maana kijana alikuwa anatetemeka na bado anasema.

Alipomaliza, Saburi ndiye aliyejibu.

"Abel, sisi tunakujua. Umekulia hapa, umetuibia mapera hapa. Yule wa kwenye televisheni alikuwa mtu mzito. Hata sauti yake tu."

"Sauti wameichezea, mzee wangu! Ni mimi!"

"Sasa wewe tazama. Yule wamemficha uso kwa sababu anajua mambo makubwa. Wewe uso wako tunauona. Nani kakuficha?"

Darasa zima likaguna kukubali. Agatha akasimama.

"Saburi, huyu ndiye mtu mwenyewe! Mtu wenu wa ndani ndiye huyu, amekuja kwa miguu yake kuwaambia salfa ni nzima, na ninyi mnamwamini akiwa gizani, akija mchana mnamkataa?"

"Mama Getruda, usipandishe. Mimi naona hivi. Serikali imeshtuka, siri imetoka. Sasa wanatafuta mtu wa kuja kutupoza. Wangemtuma nani? Si karani wao? Tena ndugu yako, ili tumwamini."

Ukimsikiliza Saburi unaweza kulia. Kila neno lilikuwa na akili ndani yake, na yote kwa jumla yalikuwa upuuzi. Abel akapitisha kiganja usoni, polepole, mbele ya watu thelathini walioona kiganja kile kile Jumamosi, na hakuna aliyeshtuka. Walikuwa wanamwangalia Abel, na Abel walimzoea. Jambo moja tu lilitoka na heri: kwa kuwa hakuna aliyemwamini, hakuna aliyekwenda kumchongea, na kazi yake ikabaki.

Agatha akadai magunia yake. Saburi, mtu wa haki kwa njia yake, akamfungulia stoo na kumpa mashine moja. "Mikorosho ni yako," akasema. "Lakini usiseme hatukukuonya."

Ijumaa alfajiri Abel mwenyewe alibeba mashine mgongoni. Agatha alimtangulia akimwonyesha miti, kitambaa puani, na vumbi la njano likapanda kwenye matawi na kukaa vizuri kwenye umande. Salfa ilikuwa laini kama unga wa muhogo. Alitia mkono kwenye gunia akaisugua vidoleni, akatamani amwite Saburi aje aisugue naye, lakini saa hiyo Saburi alikuwa msikitini, na hata angekuja, angesema ubovu wa kisasa hauonekani kwa vidole.

Abel akarudi kazini. Raundi tatu zilizofuata Agatha alibeba mashine mwenyewe, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mgongo ukimlaani. Akapuliza miti yote mia na arobaini. Pande zote nne za shamba lake hakuna aliyepuliza hata mti mmoja.

Ubwiriunga ulianza kwa Saburi, ukapita kwa wengine, na mwezi wa nane ukavuka mpaka. Safu za pembeni za Agatha zikaenda kwanza, kisha za kati. Alisimama chini ya miti aliyoipanda na mumewe akitazama maua yanavyogeuka meusi, na hapo ndipo Saburi alipopita njiani, akasimama, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli kabisa.

"Pole sana, jirani. Umepuliza, na yako pia imeungua. Si ndiyo maana tulikwambia salfa ni mbovu?"

Miti ya katikati kabisa, kama ishirini hivi, ilikuwa imesimama na maua mazima ya rangi ya waridi. Agatha akanyoosha kidole kuionyesha. Saburi akaitazama na kusema, "Hiyo Mungu kaipenda," akaenda zake.

Wiki ya pili ya mwezi wa tisa, gari la televisheni likaingia Nandagala. Mwandishi ni yule yule mwenye tai, ila siku hiyo hakuivaa. Alitaka kuongea na mkulima aliyetumia ile salfa, na kijiji kizima kikanyoosha kidole kwa Agatha, maana mwingine hakuwepo.

Agatha akaoga, akavaa kitenge cha Pasaka, akajipanga maneno. Hii ndiyo nafasi, akawaza. Kivuli walikiamini kwa sababu kilikuwa kwenye televisheni. Basi na yeye atasema huko huko, tena kwa uso wake, jina lake, na miti nyuma yake. Aliongea nusu saa. Alieleza magunia ya kona na magunia mazima, bila kumtaja Abel. Aliwapeleka mpaka katikati ya shamba akawashikisha maua ya waridi. Kisha akaikazia macho kamera.

"Nilipuliza, na maua yameungua, kwa sababu majirani zangu hawakupuliza. Na hawakupuliza kwa sababu yenu ninyi. Salfa ile ni nzima. Mwakani tupulize wote."

Mwandishi akamshukuru sana. Akasema ameongea vizuri kuliko mawaziri.

Jumamosi Agatha alikuwa wa kwanza kufika kwa Mbaruku. Saburi akampisha kiti cha mbele, kwa heshima. Ikaja taarifa ya habari. Kikaonyeshwa kwanza kile kivuli cha mwezi wa sita, kiganja kikishuka usoni, sauti ya kisimani ikisema salfa ni mbovu. Kisha uso wa Agatha ukajaa kioo kizima, kitenge cha Pasaka na yote, na chini limeandikwa jina lake, kamili, bila kosa.

"Nilipuliza," Agatha wa kwenye televisheni akasema, "na maua yameungua."

Akatoweka. Ukafuata uwanja wa mpira.

Watu walipiga makofi. Mbaruku akamletea soda bila kuombwa. Agatha alibaki ameishika chupa, hajaifungua.

"Wamekata," akasema. "Saburi, wamekata. Nilisema salfa ni nzima. Nilisema mwakani tupulize wote."

Saburi akamgeukia kwa upole, mtu anavyomgeukia mgonjwa.

"Mama Getruda, nimekaa hapa, sijapepesa hata jicho. Ungesema, si tungeona?"

Bila kujua anafanya nini, Agatha akapitisha kiganja usoni, toka kwenye paji la uso mpaka kidevuni.