Mashine Iliyofunga Mlango

Nyumbani kwetu kuna mashine saba za kufulia, na nguo nilikuwa nafua kwa mkono. Nikiwaambia watu hili hucheka, nami huwaacha wacheke, maana wao hawajaolewa na mume wangu.

Mume wangu alikuwa fundi wa lifti. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akipandisha watu na kuwashusha. Alipostaafu akakosa cha kupandisha, akaanza kuokota mashine kuukuu za kufulia, zile za zamani zenye mfuniko juu kama sufuria. Hizi za kisasa zenye dirisha mbele hataki hata kuzisikia. "Hizo ni televisheni," husema. Zake huzitoa kwenye lundo la chuma chakavu, kwenye nyumba zinazobomolewa, na ile anayoipenda kuliko zote aliitoa kwenye banda la kuku, kuku mwenyewe akiwa bado ameatamia ndani. Huifungua mashine mpaka skrubu ya mwisho, huipiga msasa, hubadilisha beringi na mkanda, huipulizia rangi. Kisha huijaza maji matupu, huiwasha, na kusimama pembeni mikono nyuma akiisikiliza. Ikikoroga vizuri, humwaga maji, huifuta kwa kitambaa laini na kuifunika shuka. Nguo zilikuwa haziingii humo kabisa. Nguo zina vifungo, na vifungo hukwaruza.

Moja imebeba televisheni sebuleni. Mbili zimesimama ukumbini, na wageni wa mara ya kwanza huzifungua wakitafuta maji baridi. Nyingine amezipa majina. Kuna Mwanasheria, kwa sababu hufika katikati ya kazi ikasimama mpaka uibembeleze. Kuna Shangazi, kwa sababu hainyamazi. Na ile ya banda la kuku, ya kijani kilichopauka, inaitwa Bi Mkubwa. Mimi nashona nguo kibarazani, nasikia kila kitu, na siku nilipomwuliza Bi Mkubwa wa nyumba hii ni nani hasa, alijifanya anatafuta spana.

Kwenye nyumba hiyo ndiko alikokuja Mama.

Mama yangu aliteleza kwenye ngazi za kwake, goti likavimba kama boga, na daktari akasema asiishi tena peke yake. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilisikitika kwa goti, lakini nilifurahi. Nilimtandikia chumba chenye jua, nikamwekea mito miwili, nikaapa kwamba mwanamke huyu aliyepikia shule nzima, tena kwa sufuria kubwa kuliko mashine zote za mume wangu, hatanyanyua tena hata kijiko. Akitaka kuchambua mchele, namnyang'anya ungo. Akishika ufagio, naupokea. Mume wangu naye, kwa kumheshimu mama mkwe, alikuwa akipita mbele yake kwa kunyata, na akiongea naye sauti yake ilikuwa ya mtu aliye hospitalini.

Wiki ya tatu Mama akaweka kikombe chake mezani.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema. "Mimi leo wiki ya ngapi hapa?"

"Mama, wewe si mgeni."

"Kama si mgeni, mbona nakunywa chai kwenye kikombe cha maua? Nyinyi wenyewe mnakunywa kwenye vile vilivyomeguka."

Nikacheka, nikadhani ni utani. Kesho yake alimpigia simu dereva wa teksi aliyemleta, akamwambia amfuate Jumamosi asubuhi. Akatoa ule mfuko wake mkubwa wa turubai, wa bluu, akapanga nguo zake humo, akausimamisha karibu na mlango wa chumba chake. Kila nilipopita niliuona. Nilimsihi. Nilimkumbusha ngazi, nikamkumbusha goti, nikamkumbusha daktari. Alinisikiliza vizuri kabisa, akanishukuru, akasema Jumamosi. Mimi mtu mzima mwenye wajukuu, nilienda jikoni nikalia kama mtoto aliyenyimwa ziwa.

Alhamisi mambo yakaharibika zaidi, au ndivyo nilivyoona. Nilikuwa kibarazani natia zipu kwenye gauni la mteja, nikasikia mume wangu anafoka kule chumba cha nyuma, karakana yake. Nikajua skrubu imeanguka, maana akiangusha skrubu hufoka. Kisha nikasikia maneno.

"Shika vizuri, Mama! Vizuri! Si huko, inua upande wako! Aa, sasa umeachia nini?"

Sindano ikanichoma kidole. Nikaenda mbio. Mume wangu alikuwa amelala sakafuni chini ya Bi Mkubwa, miguu tu ndiyo inaonekana. Na mama yangu mzazi, mwenye goti bovu, amekaa kwenye kigoda, amekumbatia pipa la mashine kwa mikono miwili, grisi mpaka kwenye viwiko.

"Sikuwa na mtu wa kunishikia," mume wangu akasema kutoka chini.

"Na mimi niko wapi?"

"Unashona."

"Ndiyo umfokee mama yangu?"

Miguu ikajikunja kidogo. Nadhani ndipo alipotambua alichokifanya, maana alipotoka chini ya mashine uso ulikuwa umempauka. Akaomba radhi, akaomba tena, akamwita Mama kwa ile sauti ya hospitalini. Mama akajifuta mikono kwa kitambaa, akaenda zake chumbani akichechemea. Nikamwambia mume wangu kwamba kama kulikuwa na tumaini hata chembe la Mama kubaki, yeye ndiye aliyelikanyaga, na kwamba tangu saa hiyo mimi na yeye hatusemezani. Chakula nilimpa. Salamu sikumpa.

Ijumaa nikaenda kupeleka lile gauni. Nilipokuwa narudi nikamkuta mume wangu getini, ametoka dukani na kopo lake la rangi. Tukaingia pamoja bila neno, kama watu waliokutana kwenye lifti. Tulipofika ukumbini tukasikia kishindo kutoka chumba cha nyuma. Du, du, du, du, na kila kishindo kinafuatiwa na mkwaruzo, kana kwamba mtu anaburuta kabati.

"Bi Mkubwa anakamua," mume wangu akasema. "Nani kamwasha?"

Tukakimbia. Tulipofika mlangoni kishindo kikakoma chenyewe. Mume wangu akasukuma mlango, ukafunguka kiasi cha upana wa kiganja, ukagota. Akasukuma kwa bega. Haukwenda. Mlango ule unafungukia ndani, na kitu kizito kilikuwa kimeuegemea.

"Msisukume," ikasema sauti ya Mama kutoka ndani, imetulia. "Mtaiangusha."

Tukazunguka nje mpaka dirishani. Nikashika nondo nikachungulia. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, goti kalinyoosha juu ya kreti. Bi Mkubwa haikuwa mahali pake. Ilikuwa imesafiri chumba kizima, kutoka ukutani mpaka mlangoni, imeacha mistari sakafuni, na waya wa umeme umeivuta plagi mpaka ikachomoka. Ndiyo sababu ilinyamaza.

"Mama, umeumia?" nikauliza.

"Niumie na nini? Mimi nilikuwa nimekaa. Yeye ndiye aliyekuwa anatembea."

Mume wangu alikuwa haangalii Mama, anaangalia kamba ya povu iliyokuwa inateremka pembeni mwa mashine. Akanigeukia, akasahau kwamba hatusemezani.

"Kuna povu," akasema. "Mke wangu, ametia nguo."

"Ni mashine ya kufulia."

"Najua. Lakini ametia nguo."

Ilibidi nimgeuzie mgongo ili asinione ninavyocheka.

Sasa hapakuwa na njia ya kuingia. Mashine bado imejaa maji, maana ilianza kukamua kabla hayajatoka, Mama hawezi kuisukuma, mlango haufunguki, na dirisha lina nondo. Mume wangu akawaza, akasema maji yakitoka itakuwa nyepesi, ataweza kuisukuma kutoka nje. Akaanza kumwelekeza Mama, polepole, kwa adabu zote, kama anasoma hotuba msibani.

"Mama, nakuomba, kama hutojali, nyuma yake kuna mpira. Uushushe mpaka kwenye kile kitundu cha sakafuni."

Mama akainama, akashika mpira.

"Samahani, Mama, si huo. Huo ni wa kuingizia. Wa kijivu, tafadhali. Wa kijivu. Mama, si huo, wa kijivu! Mbona unavuta? Usivute, shusha! Shusha chini!"

Nikamfinya mkono mpaka akaruka. Lakini nilipotazama ndani, nilimwona mama yangu anatabasamu. Ameushika mpira wa kijivu, anaushusha taratibu kwenye kitundu, maji ya povu yanamwagika, na anatabasamu kama msichana aliyeitwa jina lake mbele ya darasa.

"Hivi, baba?" akauliza.

"Hivyo hivyo. Ushikilie usiruke."

"Nimeshika."

Maji yalipokwisha tulirudi mlangoni. Mume wangu akaweka bega, nami nikaweka langu juu ya lake, tukasukuma mpaka tukapata upenyo. Yeye ni mwembamba, akapita. Mimi nilingoja aivute kando kwanza, na asiwepo wa kuniuliza kwa nini.

Cha kwanza nilimkumbatia Mama. Cha kwanza mume wangu alipiga magoti mbele ya Bi Mkubwa. Alitoa pimamaji akapima kila upande, akagusa springi moja moja, akatikisa miguu ya mashine. Nikaona ana huzuni kweli. Miezi mizima amekuwa akiikarabati, akiipima, akiibembeleza, na siku ya kwanza kupewa kazi imetembea ovyo. Nikamwonea huruma, nikakumbuka kwamba yeye ndiye huyohuyo aliyekuwa akiniletea mabaki ya vitambaa kutoka kwenye maduka alikotengeneza lifti, na kwamba kumnunia kumenichosha.

"Sielewi," akasema. "Springi nzima. Miguu iko sawa. Ili itembee hivi, lazima ndani kuwe na kitu kizito kimelala upande mmoja."

Mama akakohoa kidogo, akatazama ukutani.

Mume wangu akafunua mfuniko. Juu kulikuwa na ovaroli yake mwenyewe, ile ya grisi, ambayo mimi kwa mkono nimeshindwa nayo. Chini yake khanga zangu mbili. Na chini kabisa, kimejikunja upande mmoja wa pipa, kimenywa maji mpaka kimeshiba, kitu cha bluu. Akakivuta kwa mikono yote miwili. Kilikuwa kizito kama kondoo aliyenyeshewa.

Ulikuwa mfuko wa turubai.

"Mama," nikasema, "huu si mfuko wako wa safari?"

"Ulikuwa na vumbi."

"Na nguo zako?"

"Nimezirudisha kabatini. Zingebaki kitandani zingejikunja."

"Sasa kesho utasafiri na nini?"

"Ndiyo hapo sasa," Mama akasema.

Mume wangu akabaki ameushika mfuko, maji yanamchuruzika kwenye viatu. "Mama, kama ni kwa sababu ya jana," akaanza kwa ile sauti yake ya hospitalini, "mimi kwa kweli nilikosa adabu..."

"Wewe nyamaza na hiyo sauti," Mama akamkata. "Wiki tatu nimekaa hapa naambiwa pole, karibu, tafadhali. Jana ukanifokea. Nilikwenda chumbani nikakaa nikafikiri. Mgeni hafokewi."

Mimi machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa nacheka, na sikujali kipi kinaonekana zaidi. Wiki tatu nimemnyang'anya mama yangu ungo na ufagio kwa mapenzi yangu, na mapenzi yangu ndiyo yaliyokuwa yanamfungashia mfuko.

Mume wangu akaweka mfuko chini. Akasimama wima, akajikuna kidevu, akamtazama mama mkwe wake kama fundi anavyomtazama fundi.

"Nguo zinapangwa kuzunguka," akasema kwa sauti yake ya kawaida, iliyo kali kidogo. "Hutupi mzigo wote upande mmoja. Kesho utaanza na Shangazi, yeye mvumilivu. Na vifungo vigeuzwe ndani."

"Vifungo tutaona," Mama akasema.

Jumamosi asubuhi dereva wa teksi akaja, akapiga honi, akashuka. Alimkuta Mama uani, amekaa kivulini, anakunywa chai kwenye kikombe kilichomeguka na kumwamrisha mume wangu namna ya kuanika ovaroli. Ndani, Shangazi ilikuwa inapiga kelele nyumba nzima.

"Mama, tayari?" dereva akauliza.

"Mfuko umelowa, mwanangu," Mama akamwonyesha kwa kidole. Ulikuwa kwenye kamba, umebanwa kwa vibanio vitano, mdomo wazi. "Na turubai haikauki upesi."

Dereva akatazama mfuko, akatazama jua lililokuwa linawaka, akanitazama mimi. Nikampa chai kwenye kikombe cha maua. Akanywa, akaondoka zake.

Jumatatu nilikuwa uani natoa nguo kwenye kamba. Zilikuwa nyingi, na mikono yangu haikuwa imegusa beseni. Mama akaniita kutoka dirisha la karakana, amevaa ovaroli iliyomzidi.

"Ule mfuko umekauka?"

Nikanyoosha mkono nikaugusa. Ulikuwa mkavu, tena wa moto kwa jua.

"Bado, Mama."

"Basi uache," akasema, akarudi kwenye mashine zake.