Kuna Asiyeelewa?

Simu zote zilikuwa juu ya madawati, mchana kweupe, mbele ya macho ya mtu aliyewahi kuzifungia kabatini muhula mzima. Wanafunzi walimwita Risasi, kwa jinsi alivyofundisha hesabu bila kuvuta pumzi. Leo Risasi hakuwa na raha. Alikwenda dirishani, akarudi, akashika chaki, akaiweka, akaishika tena. Nyuma ya darasa aliketi mwalimu mkuu, mwanamke aliyekuwa mwanafunzi wake akiwa binti mdogo, tena yule wa kujivunia, na maneno yake ya asubuhi yalikuwa bado yanamkereketa.

"Shikamoo, Mwalimu. Nisamehe, lakini bodi ya shule imeshikilia msimamo wake. Kipindi cha kufundisha kwa simu kikikushinda, darasa la mtihani atapewa yule mwalimu kijana mpya."

"Marahaba. Kwani hunijui?" alikuwa amemjibu. "Nitafundisha hata kwa redio."

Basi akafundisha. Milinganyo ikapangwa ubaoni kwa mwandiko wake wa kupendeza, herufi ikabaki huku, namba ikahamia kule. Ikivuka alama ya sawasawa, jumlisha inageuka kuwa toa. Vichwa vilikuwa vimeinamia simu, na hilo lilimtia wazimu, maana alikuwa amezoea kutazamwa. Mwishoni akauliza swali aliloliuliza kila kipindi tangu ujana wake.

"Kuna asiyeelewa?"

Hakuna mkono ulioinuka. Haukuwahi kuinuka hata siku moja, na juu ya ukimya huo alikuwa amejijengea jina. Ila utaratibu mpya ulitaka swali hilohilo lijibiwe pia kwa simu, bila jina la mtu, na majibu yaoneshwe ukutani. Wanafunzi wakajibu, naye akabonyeza kitufe cha kufungua majibu bila wasiwasi.

Ukutani ukatokea mstari mwekundu wa wasioelewa. Ukarefuka, ukazidi kurefuka, mpaka ule wa kijani ukabaki kama kijiti cha kiberiti. Karibu darasa zima lilikuwa halijaelewa.

"Mmepanga kunidhalilisha mbele ya mwalimu mkuu?" alifoka. "Aliyebonyeza nyekundu ainue mkono. Sasa hivi!"

Wakainamisha macho. Hasira zilimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na hofu tupu: darasa lilikuwa linamponyoka huku akiliona.

Mkono mmoja ukainuka, kule nyuma. Ulikuwa umeshika simu.

"Mimi, Mwalimu," alisema mwalimu mkuu.

"Wewe? Si ndiwe uliyewashinda wote!"

"Nilikariri. Namba ikivuka, ishara inageuka. Kwa nini inageuka? Sikuwahi kujua, na kukuuliza nilikuogopa."

Darasa lote liligeuka kumtazama, kisha likamrudia Risasi. Msichana wa dawati la mbele akainua mkono nusu, usawa wa sikio. Mwenzake akafuata, halafu wengine, mmojammoja, kwa kusitasita.

Risasi akaugeukia ubao ajibu kwa kasi yake ileile. Chaki ikaishia kwenye alama ya sawasawa. Miaka yote hiyo namba zilikuwa zikivuka mbele yake, naye hakuwahi kuisimamisha hata moja akaiuliza inakwenda wapi. Aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakamwaka moto. Akavuta kiti na kuketi mbele ya ubao, amewapa mgongo.

"Subirini kwanza," alisema polepole. "Hebu na mimi niangalie."