Epoksi Isiyowasha

Mafundi walimwita Mama Glovu, kwa sababu hakuwahi kufika kwenye kazi zao bila boksi la glovu kwapani. Yeye alikuwa mkemia wa kiwanda kidogo cha epoksi, ule utomvu mzito unaomwagwa juu ya zege ukaganda na kung'aa kama kioo. Huja katika makopo mawili: moja la utomvu wenyewe, jingine la dawa ya kukaushia. Ukishavichanganya, kazi imeanza. Hakuna cha ngoja kwanza. Ubaya wake wote uko katika saa hizo kabla haijaganda. Mvuke wa dawa huchoma pua, na ngozi iliyoguswa leo na kesho na kesho kutwa, iko siku hukasirika na haisamehe tena.

Mjomba wake hakusamehewa. Alikuwa amepiga sakafu miaka kumi na tisa. Wa ishirini akaamka kope zimevimba na viganja vimepasuka. Daktari alimweleza kwamba mwili umeikataa epoksi na hautabadili nia. Tangu hapo akawa anasuka viti nyumbani. Hakuwa mtu wa kulalamika. "Nilidhani mimi ndiye nitakayeiacha kazi," alizoea kusema, "kumbe yenyewe ndiyo imenipa talaka."

Mpwa alihangaika miaka mitatu maabarani. Mwishowe akapata dawa ya kukaushia iliyotokana na mafuta ya mimea, nzito, isiyopaa hewani wala kupenya ngozi kwa urahisi. Vipimo vyote ikavifaulu. Meneja akakubali shehena ya kwanza iende kwenye jengo la wodi mpya, walikokuwa mafundi saba chini ya mtu mmoja mwembamba aliyejulikana kwa jina la Spidi.

Wiki ya tatu simu ikalia. Mafundi wawili wametokwa na vipele mikononi. Wa tatu, mchanganyaji, kope zimevimba hadi haoni vizuri.

Alikwenda siku hiyohiyo. Akakagua makopo moja baada ya jingine. Yote yalikuwa yake. Akapiga magoti akanusa pembe za vyumba, lakini rangi za kuta zilikuwa zimemjaa puani. Akachukua sampuli kutoka kopo lililofungwa, akarudi kuipima. Safi. Hakujua ashike lipi aache lipi. Jioni, kabla ya kwenda kwake, akapita kwa mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Kaa. Mbona uso umekukunjamana hivyo?"

Akamsimulia. Mjomba alisikiliza huku akiuvuta uzi wa kiti. Hazikupita dakika kumi akaanza kujifikicha jicho, kisha la pili.

"Umetoka na nguo hizihizi huko kwenye wodi?"

"Ndiyo."

"Basi toka nje. Tuongee kupitia dirishani."

Alitoka. Mjomba akasimama upande wa pili wa dirisha, kope zimeanza kujaa.

"Wewe umeshakuja hapa na hiyo dawa yako mpya nguoni mara ngapi? Hainifanyi hivi. Hii ni ya zamani, mpwa wangu. Naijua kama ninavyoujua mlango wa nyumba yangu. Kuna mtu anaichanganya."

Asubuhi alifika kabla ya mlinzi kumaliza kunywa chai. Chini ya ngazi alimkuta Spidi ameinama juu ya ndoo, akimimina kutoka kopo kuukuu lisilo na karatasi ya jina.

"Hiyo ni nini?"

Spidi hakushtuka. Alimaliza kumimina kwanza. "Kiungo, dada. Yako bila kiungo hailiki."

"Unajua inawafanya nini wenzako?"

"Najua. Na wao wanajua. Walikubali." Akafunika kopo. "Wewe umeshawahi kuimwaga yako mahali ambapo watu wana haraka? Kaa nasi leo. Sitatia kiungo. Ukae mpaka ikauke."

Alikaa. Walimimina saa mbili asubuhi, wakaivuta kwa mipira ya kusambazia yenye mipini mirefu, ikalala vizuri, haina harufu. Saa sita mchana ilikuwa bado kama asali. Saa nane upepo ukaleta vumbi, wakatundika maturubai madirishani. Wadudu wakaja wenyewe. Saa kumi mafundi umeme walitaka kupita, mkandarasi akafoka, na yeye, mwenye shahada zake mbili, alikuwa amepiga magoti mlangoni akiokota nzi kwa kibanio. Magoti yalimuuma mpaka aliona aibu kusema.

"Unaona?" Spidi alisema. "Ya zamani, baada ya saa tano tunakanyaga. Hii inataka kulindwa kama mzazi na kichanga. Wenzangu wananiita Spidi. Haraka yangu ndiyo baraka yangu. Nikichelewa, kesho analetwa mwingine."

"Na vipele?"

"Vipele vinapona."

"Vya mjomba wangu havikupona."

Spidi aliangalia viganja vyake. Kisha akacheka kidogo, kama mtu anayetafuta njia ya kutokea. "Mimi sikatai, dada. Lakini kama kusubiri ni lazima, si mngesubiri nyinyi huko kiwandani? Nyinyi mnasubiri mmekaa vitini."

Mafundi wakacheka. Yeye hakucheka.

"Hebu rudia," alisema.

"Ni utani tu."

"Rudia."

Katika ripoti aliandika mambo kama yalivyokuwa: kwamba dawa ya zamani ilitiwa bila kiwanda kujua, na kwamba yeye alipima sumu akasahau kupima muda. Meneja alitaka kikundi chote kifukuzwe. Mkemia alimjibu kwamba watakaokuja watafanya vilevile, ila watajificha vizuri zaidi. Walibishana hadi chai ikapoa. Mafundi wakabaki; kopo kuukuu likachukuliwa.

Kisha akaanza upya. Alitaka sehemu ya ugandaji ifanyike kiwandani, ndani ya mtungi uliofungwa, ili fundi apelekewe dawa ambayo safari yake imeshafika nusu na sehemu yake inayowasha imeshatumika. Jaribio la kwanza liligandia mtungini, likavunjwa kwa nyundo na patasi kwa siku mbili. "Tulikuomba dawa," meneja alisema, "umetuletea jiwe." La tano lilibaki kimiminika. La kumi na moja lilikauka kwa saa saba, vipimo vikawa vyema kuliko vya mwanzo. Miezi minne ilikuwa imekwenda.

Spidi aliimwaga kwenye wodi ya mwisho, akapiga simu jioni. "Mama Glovu, hii sasa inanikimbiza. Sijamaliza kujifuta jasho imeshashika mpira."

"Si ulitaka haraka?"

"Niongezee dakika kumi na tano tu za kuivuta."

Akamwongezea ishirini.

Baada ya miezi sita mafundi sita kati ya saba walikuwa na mikono mizima. Mchanganyaji hakupona. Hata hii mpya ilimvimbisha, kwa sababu mwili wake ulikuwa umeshaamua. Mkemia alimwambia waziwazi, hakumzungusha. Kijana wa watu aliuliza mara mbili kama hakuna sindano, kisha akahamia kwenye kazi ya vigae.

Kabla wagonjwa hawajahamishiwa kwenye wodi hizo mpya, mkemia alimpeleka mjomba akaione sakafu. Ikishaganda kabisa haimdhuru mtu. Mzee alivua viatu mlangoni, akatembea polepole hadi dirishani na kurudi, mikono mgongoni. Katikati ya chumba akasimama, akapapasa chini kwa dole gumba la mguu.

"Hapa wameunga. Nani alikuwa na mpira?"

"Spidi."

"Mwambie avute kwa bega, asivute kwa kiganja," alisema mjomba, akaingia chumba cha pili.