Udongo wa Kunde Mwitu

Miaka kumi na mmoja nasimamia kibanda cha miche, na haingii mtu kabla hajanawa mpaka viwikoni. Udongo naupika kwenye pipa hadi kila kijidudu kife. Wenzangu wananiita Bi Sabuni, na sioni haya.

Safari hii nilikuwa na miche minne ya kunde mwitu inayoota kwenye mlima mmoja tu, tena juu kabisa. Moto ulikuwa umeteketeza mteremko wote. Mbegu nne za mwisho aliziokota shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye kazi yake ni kutukusanyia mimea. Zilichipua zote, halafu majani yakaanza kuwa manjano.

Shemeji akaja na mfuko wa udongo alioukwangua pale pale alipookota mbegu.

"Itilie huu, shemeji. Ndio udongo wa kwao."

"Uchafu huo? Toka nao!"

"Kwani mlimani kuna sabuni?"

Nikamfungia mlango. Mche wa kwanza ulikufa Jumatatu, wa pili Alhamisi. Nilipunguza maji, nikaongeza kivuli, nikagombana na kila aliyenisalimia. Moyoni nilishajua, ila kiburi kilinizuia. Ijumaa nikampigia simu.

"Ule mfuko bado unao?"

"Uko hapo nje, nyuma ya ndoo. Nilijua utapoa."

Niliutia kwa mikono yangu, bila glavu. Wiki ya tatu likachomoza jani la kijani kibichi. Nilipofukua kidogo, nikaona vinundu vya waridi kwenye mizizi, makazi ya vijidudu vinavyoilisha kunde. Mimi, baada ya kuupika udongo, niliipa vijidudu vya dukani, vya kunde za shambani, ikavikataa. Ilivyovitaka nilivifukuza mlangoni. Nilikaa chini nikalia, sifichi.

Maganda yalipokauka tulipata mbegu arobaini na moja. Nikamfungashia shemeji nusu yake azirudishe mlimani. Hakupokea.

"Utazipanda mwenyewe."

"Kwa magoti haya? Mlima wenyewe nimeuona kwenye picha tu."

"Ndiyo maana uliiua ile miwili," alisema, bila utani safari hii.

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Nikaziweka mbegu kwenye mfuko wangu wa shati, nikamuuliza tunaondoka saa ngapi.