Cheti Kilichopata Ajira

Mshonaji alikuwa ameibana simu kwa bega, mikono yote miwili ikiwa kwenye cherehani, mama yake alipompasha habari kutoka nyumbani: sheria imebadilishwa. Aliyeukana uraia wake ili apate wa ugenini ataweza kurudishiwa, wala hatanyang'anywa ule wa pili.

"Basi safari hii usije tena kwa kibali cha siku thelathini kama mgeni wa hoteli," mama alisema. "Nimechoka kupika huku nahesabu siku. Peleka cheti chako cha kuzaliwa ubalozini. Wanataka chenyewe, si nakala. Unacho?"

"Ninacho, Mama. Kiko kazini."

"Kazini? Kazi gani?"

"Mama, mteja ameingia."

Hapakuwa na mteja. Miaka ishirini na miwili iliyopita, jioni ya siku aliyoapa kuwa raia wa ugenini, mshonaji alikitazama cheti kile akaona kimekwisha faida. Hata hivyo, kilikuwa cha karatasi ngumu, na karatasi ngumu kwake haikutupwa. Alikikata vipande vitatu: kimoja cha kuchorea kola, cha pili mfuko wa shati, cha tatu kifuniko cha mfuko. Tangu hapo, hakuna shati lililotoka kwake bila kupimwa kwa cheti hicho.

Kola na mfuko vilikuwa msumarini, mahali pake. Kifuniko, chenye namba ya cheti, hakikuwepo. Alimwaga makopo ya vifungo, akapekua makabati, jasho likamtoka. Hatimaye aliinama akakiona: kimekunjwa mara mbili chini ya mguu wa cherehani, kuizuia isiyumbe. Alikinyoosha kwa pasi, kisha akavishikiza vipande vyote juu ya kitambaa cheupe kwa mishono midogo iliyonyooka.

Afisa wa ubalozi, kijana mwenye tai, alikigeuza mara mbili.

"Mama, hiki ni cheti au fulana?"

"Ni cheti, mwanangu. Kilipata ajira."

Kijana hakucheka. Alisogea dirishani, akafuata namba kwa kidole, tarakimu moja moja, akilinganisha na kompyuta. Mshonaji alijikuta anahesabu pamoja naye kimoyomoyo.

"Inasomeka," akasema mwishowe, akagonga muhuri. "Hati yako ya uraia utaichukua Ijumaa. Hiki kinabaki hapa."

"Ngoja kwanza!" Alikivuta, akaomba penseli, akaichora kola ile nyuma ya fomu tupu. "Wateja wangu wamezoea shingo hii."

Hapo kijana akacheka mpaka akalegeza tai. "Yangu inanikaba, Mama."

"Nimeiona tangu nilipoingia. Ijumaa nitakuja na futi."

Akiwa bado ngazini alipiga simu. "Mama, acha kuhesabu siku."

Upande wa pili palisikika kigelegele kirefu, kisha kikohozi, kisha sauti kali:

"Haya, sasa niambie. Kazi gani ile?"